Maganda ya Mayai, Asubuhi na Jioni

Juzi mjukuu wangu aliishiwa na gundi katikati ya kazi ya shule, na duka la hapa chini lilikuwa limefungwa. Nikamwambia atulie. Nikachukua vijiko viwili vya unga wa ngano, nikaukoroga kwa maji baridi, nikaweka motoni na kuzungusha mwiko mpaka ukawa mzito na kuanza kung'aa. Mvuke uliponifikia puani ilibidi nishike ukingo wa sinki. Kwa watu wengine hiyo ni harufu ya chakula kilichosahauliwa chumvi. Kwangu ni harufu ya ukuta, na ya baba yangu, tuliyemzika mwaka huu akiwa mzee wa kutosha kulalamikia kila kitu.

Kabla hatujahamia hapa Umoja tulikaa Majengo, Pumwani, chumba kimoja katika nyumba ya Bi. Zuhura. Kuta zilikuwa za udongo uliokandikwa juu ya fito, na udongo ule ulikuwa na tabia ya kupukutika moja kwa moja hadi ndani ya sufuria ya mboga. Dawa yake ilikuwa magazeti. Kila mwaka, Krismasi ikikaribia, Mama alipika sufuria nzima ya uji wa ngano na Baba akabandika karatasi mpya juu ya zile za mwaka uliopita. Ukigonga ukuta wetu ulitoa mlio mzito wa kitu chenye miaka mingi ndani.

Karatasi hatukununua. Baba alikuwa mfagiaji katika kiwanda cha kuchapa magazeti, na alikubaliwa kubeba zile ambazo mtambo umezikosea, wino umemwagika au herufi zimechapwa mara mbili mpaka kila neno lina kivuli chake. Alikuja nazo zimekunjwa kwapani kutoka Industrial Area, kwa miguu. Nyumba nyingine za Majengo zilibandikwa hivyo hivyo, lakini sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine aliyebandika kama yeye. Alichukua karatasi, akaipaka uji, akainyanyua, kisha akasimama nayo mikononi akiisoma yote, mstari kwa mstari, huku uji ukimtiririka hadi viwikoni.

"Baba Wekesa, wewe unabandika ama unasoma?" Mama aliuliza. "Uji inaganda."

"Siwezi weka kitu kwa ukuta yangu na sijui inasema nini," alijibu Baba, na kuendelea kusoma.

Alichopenda kuliko vyote ni safu ndogo iliyotoka kila siku, pembeni mwa ukurasa wa ndani, ikiitwa Chembe ya Leo. Ilikuwa na mambo matatu tu: neno moja na maana yake, jambo moja la zamani, na jambo moja la dunia. Ukurasa wenye safu hiyo hakuuweka juu karibu na dari. Aliubandika chini, usawa wa macho ya watoto, na miaka iliyofuata hakuufunika ila kingo tu.

Kwa hiyo elimu yetu ilitegemea mahali ulipolala. Kaka yangu Wekesa alilala sakafuni karibu na mlango, na yeye ndiye aliyejua sayari, meli kubwa na urefu wa mito. Mama, aliyepika kwenye kona ya stovu, alijua maneno magumu, na siku moja alimwita mwenye bucha "mlaghai" mbele ya wateja, yule mtu akabaki akijiuliza kama ametukanwa. Mimi nililala kwenye kitanda kidogo kilichosukumwa ukutani, kati ya dirisha na sanduku la nguo la Mama. Upande wangu ulikuwa wa wafalme wa kale, afya, na ufugaji. Ukitaka kujua jambo la upande wa mwingine ulimwomba ruhusa. Wekesa alikuwa mchoyo sana na sayari zake.

Jioni, tukishakula, Baba alifuta mikono na kusema, "Haya. Ukuta inasema nini leo?" Kila mmoja alisoma chembe moja. Ukisoma ile uliyosoma jana alijua, maana aliijua yote kwa kichwa. Hakuwa amepita darasa la nne, baba yangu, lakini katika chumba kile nilimwona kama mtu aliyeandika dunia na kuja kuhakikisha tumeisoma sawasawa.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo mimi sikulijua kama ni tatizo. Karatasi zilipandana. Ukurasa mmoja ulikatika katikati ya sentensi pale mwingine ulipoanzia, na mimi, niliyejifunza kusoma kwa ukuta ule kabla ya vitabu, nilisoma nikishuka bila kusimama. Nilijua, kwa mfano, kwamba mfalme mmoja mkubwa wa kale alizikwa pamoja na dhahabu, mishale, watumishi wawili na mlinda lango aliyeumia goti. Nilimweleza mwalimu wa historia hivyo. Aliponicheka nilimhurumia, nikidhani kwao hakuna ukuta.

Kisha Baba akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni vumbi la karatasi. Halafu koti lake la kazi likaanza kumning'inia mabegani, na siku moja Mama akakunja leso ya Baba haraka tusione damu, nami nikaiona. Walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa kifua, na daktari akamlaza palepale. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini. Mama alienda kila alasiri baada ya kazi zake za kufua, akibeba themosi ya uji wa wimbi, na akirudi tulimuuliza Baba anaendeleaje, akatuambia anaendelea. Sijui kama kuna neno linaloweza kumtisha mtoto kuliko hilo.

Sikuuliza tena. Nilikuwa na mahali pengine pa kuuliza. Karibu na mto wangu, usawa wa pua nikilala ubavu, kulikuwa na maneno niliyokuwa nimeyapita mara mia bila kuyajali. Sasa niliyasoma kwa kidole: "Mgonjwa wa kifua kikuu asikate tamaa. Siku hizi ugonjwa huu hutibika, na mgonjwa hupona kabisa iwapo atapewa." Hapo ukurasa ulikatika. Chini yake ukurasa mwingine ulianza bila kuchelewa: "maganda ya mayai yaliyosagwa vizuri na kuchanganywa na chakula, asubuhi na jioni." Mistari iliyofuata ilizama nyuma ya sanduku la Mama.

Nilikaa kitandani nikahisi mwili wote umekuwa mwepesi. Dawa ilikuwa hapa, kwenye ukuta alioubandika mwenyewe, na madaktari hawakuijua! Nilitaka kupiga kelele, lakini nilijua watu wazima wanavyofanya wakiambiwa na mtoto. Mwalimu wa historia alikuwa amenifunza hilo.

Bahati yangu ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Bi. Zuhura alioka mkate wa mayai wa kuuza wakati wa kufuturu. Kila mchana nyuma ya jiko lake kulikuwa na maganda ya kutosha hospitali nzima. Nilianza kuyakusanya kwenye mkebe.

"Maganda yote hayo wayapeleka wapi, mwanangu?" aliniuliza siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti iliyofika nyumba tatu bila kupandishwa.

"Ni ya kazi ya shule, Bi. Zuhura."

"Haya. Wasomeshwa mambo ya ajabu siku hizi."

Niliyaosha, nikayaanika juu ya mabati ya choo, nikayasaga kwa jiwe mpaka vidole vikachubuka. Mama alipoenda kubadilisha kanga, nilifungua themosi na kutia unga wangu ndani ya uji, kijiko kilichojaa, nikakoroga na kufunga. Asubuhi sikuwa na njia ya kumfikishia, kwa hiyo alasiri nilitia mara mbili. Niliona ni haki.

Siku ya kwanza Mama alirudi akisema Baba amelalamika uji una mchanga, lakini ameumaliza. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Mama alivaa viatu vya kanisani, akabeba mfuko wa wimbi, akaenda kwa mwenye kinu kumuuliza kama anasaga nafaka ama anasaga barabara. Waligombana mpaka watu wakatoka kwenye maduka. Nilisimama pembeni nikamwonea huruma yule mwenye kinu, lakini sikusema kitu. Baba yangu alikuwa anapona, na mtu mmoja kutukanwa bure haikuwa bei kubwa.

Siku ya nne Mama alirudi na sura ambayo sikuielewa.

"Nafula, baba yako ametuma wewe salamu," alisema. "Amesema nikuambie hivi, na amesema nisigeuze neno: 'Mwambie Nafula bado sijaanza kutaga.'"

"Kutaga?"

"Kutaga. Na amecheka hadi akakohoa, hadi nesi akakuja mbio. Mimi sijui ni nini. Labda ni hizo sindano."

Wekesa alisema, "Buda amechizi," yaani mzee amerukwa na akili, na Mama akamchapa kofi la bega.

Nilienda kitandani moja kwa moja. Nilishika sanduku kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani, nikalivuta mpaka likasogea kiasi cha kupitisha kichwa. Mistari iliyokuwa imejificha ilikuwa safi, haijaguswa na moshi. "Lishe hii ni muhimu hasa kwa kuku wanaotaga, ili mayai yao yawe na ganda gumu."

Nimepata aibu nyingine maishani, za watu wazima, lakini sijawahi kuona aibu ikipanda hivyo kutoka miguuni. Nilikuwa nimemlisha baba yangu chakula cha kuku. Na yeye alijua. Aliujua ukuta wake hata akiwa amelala mbali nao. Alitafuna ule mchanga, akakumbuka karatasi iko wapi na imepandana na ipi, na siku nne nzima aliumaliza uji wote.

Nililia kidogo. Kisha aibu ilipopoa ikabaki hofu, na hofu ile ilikuwa mbaya zaidi, maana sasa sikuwa na dawa. Sentensi ya kwanza bado ilikuwa haina mwisho. "Hupona kabisa iwapo atapewa." Atapewa nini? Kubandua ukuta kulikuwa kosa kubwa kwetu, upepo ungeingia na udongo ungemwagika, na zaidi ya hayo ulikuwa kazi ya mikono ya Baba. Nilichovya kitambaa katika maji ya vuguvugu, nikalowesha ukingo wa karatasi ya kuku, nikangoja, nikalowesha tena. Nikaingiza kisu cha mboga taratibu. Karatasi iliinuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake maneno yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka.

"dawa zote kwa muda wote aliopangiwa, hata kama anajiona amepata nafuu. Anayeacha katikati, ugonjwa humrudia ukiwa na nguvu zaidi."

Nilisoma mara nyingi. Nilivunjika moyo, kusema kweli. Nilitarajia kitu ambacho ningeweza kukisaga.

Wiki kadhaa zilipita. Alasiri moja niliporudi kutoka shuleni nilikuta mlango wetu uko wazi, Bi. Zuhura amesimama nje akisema "Alhamdulillahi, alhamdulillahi", na ndani, kwenye kiti chake, Baba. Alikuwa amevaa suruali yake mwenyewe iliyofungwa kwa kamba. Shingo ilikuwa nyembamba, lakini macho yalikuwa yamerudi. Themosi ilikuwa mapajani mwake. Nilimrukia, akacheka, na hakukohoa.

"Nimepona," alisema. "Angalia, napumua mpaka chini. Wale watu wanataka nikae huko miezi na miezi. Makalio imekuwa chujio kwa hizo sindano. Na kule kazini wameanza kutafuta mfagiaji mwingine. Nimevaa nguo yangu nikatoka."

"Umetoka ama wamekutoa?" Mama aliuliza.

"Nimetoka."

 Mama alipika ugali na samaki wa kukaanga, chakula ambacho hatukula siku za katikati ya wiki, na niliona jinsi alivyokuwa akimtazama kila anapomeza. Nadhani alitaka kuamini. Sote tulitaka. Chumba kilikuwa kimejaa tena, na mimi nilitaka kubaki na mdomo wangu umefungwa hadi mwisho wa dunia.

Baba akafuta mikono. "Haya. Ukuta inasema nini leo? Nimekaa sana bila kusikia."

Wekesa alisoma kuhusu sayari yenye pete. Baba alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayesikia jina la rafiki. Kisha akanigeukia mimi. "Na mama wa kuku?"

Wekesa alicheka, maana siri ya maganda haikuwa siri tena. Mama pia. Mimi nilipanda kitandani, nikapiga magoti, nikaweka kidole kwenye ukuta, ingawa nilijua maneno yote kwa kichwa.  Nilisoma kutoka juu: mgonjwa asikate tamaa, hutibika, hupona kabisa iwapo atapewa. Sikusimama pale karatasi ilipokuwa ikikatika. Niliendelea hadi "nguvu zaidi".

Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nani amebandua ukuta yangu?" Baba aliuliza.

"Ni mimi."

"Hiyo mwisho nilisoma nikiishika kwa mkono, Nafula. Wewe ulikuwa bado hujui a, e, i, o, u. Hakuna kitu kwa hiyo ukuta sijui."

"Kama ulijua," nilisema, "mbona umetoka?"

Hatukuwa watoto wa kumuuliza baba hivyo. Nilimsikia Mama akivuta pumzi. Wekesa alitazama sakafu. Baba alinikazia macho, nami nilidhani atanyanyuka, nikakaza mabega nikisubiri. Hakunyanyuka. Alitazama ukuta, ule mraba mdogo wenye karatasi iliyokunjuka, na uso wake ukawa wa mtu aliyeshikwa akiiba kitu chake mwenyewe. Aliogopa. Sikuwahi kuona baba yangu akiogopa, na niliogopa kuliko yeye.

"Kesho," alimwambia Mama hatimaye, "nitafutie ile koti."

Asubuhi alirudi hospitali kwa miguu yake. Mama alisema daktari alimpigia kelele mbele ya wodi nzima, na Baba alisimama na kofia mkononi kama mtoto wa shule.

Jumapili iliyofuata Mama alitupeleka. Tulisimama kwenye nyasi, nyuma ya ua, ambapo watoto wa wagonjwa wengine pia walisimama, na juu yetu kulikuwa na dirisha refu. Baba alitokea akiwa na nguo za hospitali za mistari. Hatukuweza kusikia akisema nini kwa sababu ya kioo. Alitutafuta kwa macho, akanipata. Akakunja mikono yote miwili kwapani na kuanza kuipigapiga, huku akinyoosha shingo ile nyembamba mbele na nyuma. Kuku mzima, mwenye masharubu. Wagonjwa waliokuwa nyuma yake walianza kucheka, wengine wakishika vifua, na nesi akaja kuona kuna nini. Mimi nilicheka nikilia, na Wekesa akasema, "Wacha aibu, watu wanaona," naye pia alikuwa akilia.

Alikaa hadi daktari mwenyewe alipoandika barua ya kumtoa. Kazi ya kiwandani ilikuwa imekwenda, kama alivyohofia. Alipata nyingine baadaye, ya kulinda ghala, lakini karatasi hazikuja tena, na Krismasi ile hatukubandika. Ukuta ulibaki wa mwaka ule ule mpaka tulipohama. Kile kipande nilichobandua alikiacha wazi. Udongo ulipukutika hapo kila siku, na kila siku Mama alifagia.

Hapa Umoja kuta ni za saruji, zimepakwa rangi ya krimu, hazina la kusema. Mjukuu wangu anauliza simu, na simu inamjibu yote mpaka mwisho. Simwonei wivu, ila huwa najiuliza kama anajua yapi kati ya majibu yake ameyabeba mtu kwapani kwa miguu.

Neno lile lilibaki kuwa letu. Baba alipozeeka na kupewa dawa za sukari, nilimpigia simu kila asubuhi na kumuuliza kama ametaga. "Nimetaga," alijibu, au, akiwa na hasira na daktari, "Leo jogoo." Hapo nilijua niende kumwona. Mimi mwenyewe nilipoanzishiwa za presha, yeye ndiye aliyenitangulia kupiga.

Sasa simu hailii. Kila asubuhi nameza kidonge changu kwa glasi ya maji, nikisimama karibu na ukuta wa jikoni. Kuna siku sitaki, najiona mzima, napumua mpaka chini. Nameza hivyo hivyo. Kisha nasema kwa sauti, mjukuu wangu akinishangaa, "Nimetaga, Baba."